Buti linagonga baada ya kufunga spoila nzito? Anzia kwenye raba, usikimbilie loki

Jumamosi moja asubuhi kijana aliniletea Corolla 110 yake. Hata injini hajazima ananiambia, "Shikamoo fundi, hili buti linanitia aibu." Sijamaliza kuitikia marahaba, akapiga kiganja juu ya mfuniko: kwa-kwa-kwa, kama sufuria zilizofungwa kwenye kanga siku ya kuhama. Nyuma kulikuwa na spoila mpya ya fiberglasi, ile ndefu ya miguu miwili, imefungwa wiki iliyotangulia kwenye gereji nyingine. Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Matundu yamenyooka, rangi inalingana. Tatizo ni kwamba aliyefunga alishughulika na spoila, mfuniko hakuugusa.

Niliifungua ile spoila nikaiweka kwenye mizani, kilo 5 na gramu 400. Ile ndogo ya mwanzo, ambayo kijana alikuwa bado anayo kwenye kiti cha nyuma, ilikuwa kilo 1 na gramu 800. Zimeongezeka kilo tatu na nusu na ushee. Utasema ni uzito wa mtoto mchanga tu, lakini angalia zimekaa wapi: kwenye ukingo kabisa, mbali na bawaba. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, halafu ishike mkono ukiwa umenyooka mbele, utaelewa mfuniko unalalamikia nini.

Kabla hujashika spana, elewa buti lililofungwa linatuliaje. Loki inauvuta mfuniko kwenda chini. Wanaousukuma kwenda juu ni watatu: raba mbili za pembeni, ule mpira mrefu wa kuzuia maji unaozunguka mdomo wa buti, na nondo za springi (au shokapu za gesi kwa gari zenye nazo). Loki yoyote ina nafasi ndogo ya kucheza, la sivyo isingeweza kunasa. Kwa kawaida huioni, maana wale watatu wanausukuma mfuniko juu muda wote hadi unaibana loki. Ukiongeza uzito mwishoni mwa mfuniko, umewapunguzia nguvu wasukumaji. Gari likipita kwenye tuta, mfuniko unashuka ndani ya ile nafasi, unapanda, unagonga. Kwa hiyo kazi yetu yote leo ni kurudisha msukumo uliopotea.

Andaa spana na soketi namba 10 na 12, bisibisi bapa, makapeni, tochi, poda ya mtoto, karatasi moja, gongo la kuegemeza mfuniko, na donge la unga wa chapati uliokandwa. Usicheke, unga utauona kazi yake.

Hatua ya 1: Hakikisha anayegonga ni mfuniko

Toa kila kitu ndani ya buti: jeki, spana ya magurudumu, tairi ya spea, kidumu, viatu vya mpira. Nimeshapokea gari limezungushwa gereji tatu kwa ajili ya "buti kugonga" na mwisho mhalifu akawa jeki iliyokosa skrubu yake. Funga buti tupu, kisha piga kwa kiganja sehemu tano: juu ya loki, kona mbili, na kila mguu wa spoila. Gonga pia pleti namba kwa vidole. Pleti iliyolegea kwenye mfuniko inapiga kelele inayofanana sana na hii, na dawa yake ni vipande viwili vya sponji yenye gundi.

Sasa shika ukingo wa mfuniko uliofungwa, uvute juu na kuukandamiza chini. Ukisikia unacheza hata kwa unene wa sarafu, umempata. Kama mfuniko umetulia ila spoila ndiyo inatikisika juu yake, kazi yako itaishia hatua ya 2.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa chochote. Vuta kile kishikio cha kufungulia buti pembeni ya kiti cha dereva. Mfuniko wenye afya unaruka wenyewe sentimita kadhaa. Kama umesikia "tak" halafu ukabaki umelala pale pale, msukumo umekwisha. Kwenye gari la kijana ulilala kabisa, ikabidi niuchokonoe kwa kucha.

Hatua ya 2: Bolti za spoila

Fungua buti, bandua kitambaa cha ndani ya mfuniko, utaona nati kwa chini. Bati la mfuniko ni jembamba, halifiki milimita 1. Nati ikikalia washa ndogo (ile pete ya chuma ya chini ya nati) inalikunja bati, inalegea, kesho unakaza tena, bati linazidi kubonyea, na maji ya mvua yanapata kidimbwi. Weka washa pana, zile za mabati ya kuezekea zinafaa kama ni za chuma kizuri, na kati ya mguu wa spoila na rangi weka raba nyembamba ya milimita 2 au 3. Kaza mpaka raba ianze kutokeza pembeni kidogo, kisha acha. Ukiendelea utasikia fiberglasi ikilia, na hapo ujue umeshaipasua.

Ukiwa hapo hapo, chungulia kingo za matundu. Zikiwa bati tupu lisilo na rangi, paka praima na rangi kabla ya kurudisha, hasa kama unaishi Dar, Tanga au Mombasa. Upepo wa chumvi hauna huruma na tundu lililotobolewa na drili. Waya wa taa ya breki ya kwenye spoila ufunge na sponji au tepu ya kitambaa, usiuache unaning'inia ndani ya mfuniko.

Hatua ya 3: Raba za pembeni

Hapa ndipo kelele nyingi huisha, na hapa ndipo mafundi wengi huparuka. Kwenye kona za mfuniko, au kwenye bodi chini yake, kuna raba mbili zenye umbo la koni. Nyingi zinazunguka kama skrubu: ukizungusha kinyume cha saa zinapanda. Tatizo ni kwamba ukifunga buti huwezi kuona kama zinagusa. Ndiyo maana tuna unga.

Kata vidonge viwili vya unga, ukubwa wa punje ya njugu mawe, vifunge kila kimoja kwenye kipande cha nailoni ili visichafue. Bandika kimoja juu ya kila raba. Funga buti taratibu mpaka loki inase, kisha fungua. Unga uliobaki ndiyo nafasi iliyopo kati ya raba na bati. Ukikuta umepondwa mpaka nailoni zimegusana, raba inafanya kazi. Kwa yule kijana, kushoto ulibaki unene wa milimita 3, kulia karibu 5. Yaani raba zote mbili zilikuwa mapambo.

Panda raba kufidia ile nafasi, halafu ongeza milimita 1 au 2 ili ibanwe hasa. Hesabu mizunguko ya kila upande uiandike, maana ukipotea utataka kurudi ulikotoka. Kisha jaribu kwa karatasi: weka ukanda wa karatasi juu ya raba, funga buti, vuta. Itoke kwa shida, na shida ilingane pande zote mbili. Ikiteleza bure, bado. Ikichanika, umezidisha.

Pitisha vidole kwenye mstari unaotenganisha mfuniko na fenda za nyuma. Mfuniko ukiwa umesimama juu kuliko fenda, raba zimepanda mno, shusha. Na raba iliyokauka hadi ukucha hauzami, hata uipandishe vipi itaendelea kugonga kama jiwe. Nunua mpya. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, hazikosekani, na za gari lililochinjwa si mbaya ukizichagua kwa mkono.

Wapo wanaobandika kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya raba. Sitakudanganya, kinafanya kazi. Lakini jua la Dar linayeyusha gundi, siku moja kinadondokea ndani ya mlango wa loki na buti halifunguki. Kwa safari ya dharura, sawa.

Hatua ya 4: Straika ya loki

Kama umemaliza raba na mfuniko bado unacheza, nenda kwenye kile chuma chenye umbo la U ambacho loki inakinasa. Kwenye sedani nyingi kiko kwenye bodi, kimeshikwa na bolti mbili za namba 10. Chora mstari wa makapeni kuzunguka kitako chake kabla hujalegeza chochote. Legeza bolti nusu mzunguko tu, kigonge kishuke milimita 1, kaza, jaribu. Milimita 1 kweli, si "kama moja hivi". Ukishusha tatu kwa pupa, utaanza kubamiza buti kwa nguvu ili linase, na kubamiza huko ndiko kunakoua loki.

Angalia pia mikwaruzo kwenye straika. Ikiwa iko upande mmoja, loki inaingia mshazari, sogeza straika kuelekea upande wenye mikwaruzo.

Kabla ya kufunga mara ya kwanza baada ya kuigusa straika, nasa loki kwa bisibisi buti likiwa wazi, kisha vuta kishikio cha ndani na ujaribu ufunguo uone kama inaachia. Mimi niliwahi kuruka jambo hili nikiwa mwanafunzi wa gereji. Tulimtoa mwenzetu mwembamba kuliko wote apite nyuma ya kiti na tochi mdomoni, na mpaka leo ananidai soda.

Hatua ya 5: Nondo za springi, au shokapu

Hatua hii si ya kila mtu. Ifuate kama buti halikai wazi, linakuangukia kichwani ukiwa unatoa mizigo, au bado haliruki lenyewe ukivuta kishikio.

Inama utazame chini ya ubao wa nyuma ya viti. Ukiona fimbo mbili za chuma zinapishana kutoka bawaba moja hadi nyingine, hizo ndizo nondo za springi. Zimesokotwa, zina nguvu ya kuvunja kidole au kupofua jicho. Fungua mfuniko mpaka mwisho, hapo ndipo zinapokuwa na mkazo mdogo, na uegemeze gongo. Kwenye baadhi ya gari, pale ncha ya nondo inapokalia pana meno zaidi ya moja. Kuihamisha jino moja kunaongeza msukumo. Vesha bomba imara kwenye ncha ya nondo, mwenzako ashike mfuniko, vaa miwani ya kukinga macho, uso usikae kwenye njia ambayo nondo ingerukia. Ihamishe upande mmoja, kisha mwingine kwa jino lile lile. Ukiacha upande mmoja nyuma, mfuniko utapinda. Kama hujawahi kuifanya, lipa fundi. Vidole ni ghali kuliko ufundi.

Gari lenye shokapu za gesi ni rahisi zaidi: nguvu yake imeandikwa kwenye bomba lake kwa nyutoni, herufi N. Nunua jozi yenye nguvu kidogo zaidi, urefu ule ule, badilisha zote mbili pamoja. Usirukie kubwa kupita kiasi, zitakunja bawaba. Shokapu ya zamani usiitoboe wala kuitia moto, ndani kuna gesi yenye shinikizo kali.

Corolla ya kijana ilikuwa na meno ya ziada. Tulihamisha jino moja kila upande, na alipovuta kishikio mfuniko ukaruka wenyewe. Alivuta mara sita, nadhani kwa furaha tu.

Hatua ya 6: Mpira wa kuzuia maji

Paka poda ya mtoto juu ya mpira wote, funga buti, fungua. Poda ikihamia kwenye bati kwa mstari usiokatika, mpira uko sawa. Panapokatika ndipo maji na vumbi vinapoingia. Sukuma mpira ukae sawasawa au ubadilishe. Safisha, kisha paka silikoni ya kulainisha mpira, si ile ya kuziba. Grisi acha, mpira unavimba na kulainika.

Hatua ya 7: Barabarani

Tafuta rasta, vile vituta vidogo vilivyopangana kabla ya kivuko cha watembea kwa miguu, upite kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa buti likiwa tupu. Rasta ni nzuri kuliko tuta kwa kazi hii, maana zinatikisa haraka haraka na mchezo wowote uliobaki utausikia. Ukisikia bado, ongeza raba robo mzunguko kila upande, rudia. Kisha rudisha jeki na spea, zifunge vizuri, pita tena.

Baada ya wiki mbili fungua kitambaa cha ndani ukaze tena nati za spoila. Raba mpya chini ya miguu huwa zimeshalala kidogo, na nati zote nne za yule kijana zilikubali karibu robo mzunguko.