Kabla ya kwenda Mida kuaga ndege: mambo ya kuzingatia Machi na Aprili

Ndege wa majini wanaokimbilia pwani yetu wakati wa baridi ya kaskazini huanza kuondoka Machi, na ikifika mwanzo wa Mei wengi wameshakwenda. Hizo wiki chache za kati ndizo wanazopendeza kuliko wakati wowote mwingine, na hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, ni mahali pazuri sana pa kuwaonea. Tatizo ni kwamba watu huenda siku waliyopata nafasi, wakakuta maji yamefika kwenye mikoko na hakuna ndege wa kutazama. Kwa hiyo kabla hujaulizia darubini, ulizia maji.

Wavuvi wa Mida hawahitaji jedwali, wanahesabu mwezi. Sisi wengine tutafute jedwali la maji la Kilifi au Mombasa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Maji yakiwa yamekupwa sana, ndege hutawanyika kwenye tope lote na unachoona ni vidoadoa. Yakijaa, wameshahamia mahali pa kupumzikia. Unachotaka wewe ni maji yanayopanda, kwa sababu yanawasukuma hatua kwa hatua kuelekea ukingoni ulipo. Fika mapema, maji yakiwa bado yana muda wa saa mbili au tatu kabla ya kujaa. Kumbuka pia kwamba mlango wa hori ni mwembamba, hivyo ndani maji huchelewa kidogo kuliko jedwali linavyosema. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hupoa: tope halifunikwi vizuri na ndege hawana haraka ya kukusogelea.

Bamvua ina faida nyingine. Barabara kuu ya Mombasa na Malindi, unakoshukia matatu, iko upande wa magharibi wa hori, kwa hiyo asubuhi utakuwa unatazama jua usoni na kila ndege ataonekana mweusi. Alasiri jua liko mgongoni mwako, na ndiyo saa maji yanapanda. Mimi asubuhi ningeiacha kwa msitu wa Arabuko-Sokoke ulio ng'ambo ya barabara.

Darubini ya mkono yenye ukuzaji wa mara 8 au 10 inatosha msituni, lakini kwa Mida hiyo peke yake haitoshi. Hapa kunahitajika ile kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Kama huna, panga mapema na mwongozaji wa hapo na umuulize wazi kama anayo na kama inafanya kazi. Ulizia pia kiingilio cha daraja la mbao linalopita kwenye mikoko hadi kibanda cha kutazamia. Lilijengwa ili mapato yake yachangie karo za wanafunzi wanaoishi kandokando ya msitu na hori, kwa hiyo usione uchungu kulipa. Viatu viwe vya kufunga. Ndara hubaki kwenye tope. Aprili masika huwa yameanza au yanakaribia, basi beba mfuko wa plastiki wa simu na daftari.

Kazi kubwa hata hivyo ni ya nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari: kujifunza rangi. Ukizoea ndege wa Januari, wa Aprili watakuchanganya. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini, Calidris ferruginea, ni wa kijivu msimu wote, kisha kabla ya kurudi Siberia anakozaliana anageuka mwekundu kama tofali, na kwa wiki kadhaa unamwona akiwa na mabaka ya rangi zote mbili. Pluvialis squatarola, wa kijivu vilevile, anapata tumbo jeusi tititi. Wale wadogo wa mchangani wanavaa mkanda wa rangi ya kutu kifuani. Kwa hiyo fungua kitabu chako kwenye picha za mavazi ya kuzaliana, ambazo wengi wetu huziruka tukidhani ni za Ulaya. Sululu hatakusumbua, ana habari ileile mwaka mzima, mdomo mrefu uliopinda na mlio unaosikika hori zima.

Mla kaa, Dromas ardeola, ni habari tofauti. Mweupe na mweusi, mdomo mnene, na ndiye anayewaleta wageni wengi Mida. Huyu haendi Siberia. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Msimu wake wa kuzaliana huanza Aprili, basi anayetaka kuona kundi kubwa asingoje mwisho wa mwezi huo. Machi ni salama zaidi.

Kuna sharti moja ambalo sitalilegeza: usiwarushe, yaani usiwashtue mpaka waruke. Ndege hawa wako kwenye kula. Kabla ya kuondoka, baadhi yao huongeza theluthi ya uzito wao au zaidi, yote mafuta ya safari, na kila wakirushwa wanayachoma bure. Kaa kwenye kibanda, usiwafuate topeni ukitafuta picha, na droni iache nyumbani.

Pakua programu ya kuandikia kumbukumbu kabla hujatoka, maana mtandao wa hapo si wa kuutegemea. Mradi wa Kenya Bird Map, unaochora ramani ya ndege wa nchi, hutumia BirdLasser, ambayo hurekodi hata bila intaneti. Nchi imegawanywa kwa vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inadai angalau saa mbili za kutazama kwa makini. Ukiona ndege mwenye pete au kibendera mguuni, andika mguu gani, juu ya goti au chini, rangi gani, na herufi kama zinasomeka. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, walio Watamu, wamekuwa wakiwavisha ndege wa Mida pete kwa miaka mingi, nao watafurahi kupata taarifa yako.

Ukiwa njiani katika nusu ya kwanza ya Aprili, tazama nyaya za umeme na anga. Coracias garrulus, yule wa buluu mwenye mgongo wa kahawia, hupita ukanda huu kwa makundi akielekea Somalia na Uarabuni. Na ukiwa na siku ya ziada, nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi: wakati ndege wa kaskazini wanafunga safari, wengine waitwao Glareola ocularis wanaanza kuingia kutoka Madagaska.

Ukichelewa kabisa, usiahirishe mpaka mwakani. Wengi waliozaliwa mwaka uliotangulia hawaondoki, hukaa Mida na rangi yao ya kijivu mpaka wenzao warudi Agosti. Ndege wa Juni ni wachache katika orodha za watu, kwa hiyo orodha yako ya mwezi huo ina kazi kubwa kuliko ya Aprili.