Matunda ya porini: anza na kikonyo, sio mbegu

Watu wengi wakitaka kufanya biashara ya matunda ya asili wanaokota mbegu za ubuyu, wanafukia, wanasubiri. Jamani, mbuyu wa mbegu unaweza kukaa miaka 15 au zaidi bila kuzaa, nani wa kusubiri hivo na ada za watoto zinadaiwa? Ukibebesha, yaani ukiunganisha kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti unaozaa) juu ya mche mwingine, mara nyingi unaona matunda miaka 3 hadi 5.

Kazi kubwa, na ndo watu wanairuka, ni kutafuta mti mama, ule utakaoutoa vikonyo. Waulize watoto wanaochunga na kina mama wanaookota, wao wanajua mti gani mtamu, upi una nyama nyingi, upi unazaa kila mwaka. Weka alama, rudi msimu ujao uhakikishe. Chagua miti kadhaa, maana ukitoa vikonyo vyote kwenye mti mmoja, ugonjwa ukiingia unaondoka na shamba zima.

Kwenye mng'ong'o (marula) na mkusu (mti wa porini unaozaa makusu) kuna miti dume na jike, kwahiyo vikonyo chukua kwa jike linalozaa, ila usifyeke madume yaliyo jirani, bila hayo hamna uchavushaji. Na mkusu ukiuotesha kwenye viriba changanya na udongo wa chini ya mkusu mkubwa, una fangasi wanaosaidia mizizi, bila huo miche inadumaa.

Kata kikonyo chenye unene wa penseli kabla majani mapya hayajachipua, toa majani, funga na kitambaa kibichi, ubebeshe siku hiyohiyo ikiwezekana. Mche wa chini, ule utakaobeba kikonyo, uwe na unene uleule. Ukate juu, upasue katikati, kikonyo ukichonge kama kabari kwa kisu kikali kisafi, chomeka, hakikisha gome la ndani limegusana hata upande mmoja, afu kaza na nailoni hewa na maji visiingie. Weka kivulini. Kikishachipua vizuri ndo ufungue nailoni, usiwe na haraka hapo.

Wakati miche inakua anza kuuza ya porini, ujifunze soko. Ng'ong'o ziokote chini zikishadondoka, usipige matawi. Unga wa ubuyu ufungashe ukiwa mkavu kabisa, ukipata unyevu unaganda na kuota ukungu, na mteja aliyefungua pakiti ya hivo harudi tena.