Kapu la joto: jinsi ya kupunguza mkaa nyumbani bila kubadilisha chakula

Mwezi uliopita nilikaa siku kumi kwa wifi yangu Iringa. Nyumba ina watu saba, jiko ni moja la mkaa, na gunia halimalizi wiki tatu. Alikuwa amesikia kwa kaka yangu kwamba kwangu Mbagala, Dar es Salaam, gunia linakaa karibu miezi miwili, akataka nimwoneshe ninavyofanya. Siri yenyewe ni kapu la joto, yaani kapu lenye mito ya kuzuia joto, ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka inaendelea kuivisha chakula bila moto. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio tulioufuata. Pale tulipokwama nimeeleza kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huacha na kurudia mazoea.

Nimeanza na mkaa kwa sababu kwa nyumba inayopikia mkaa hakuna kitu kinachokula msitu kama sufuria ya maharage. Katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa hugharimu kilo tano hadi kumi za mti. Sehemu kubwa ya joto la ule mti imepotelea porini kabla gunia halijapakiwa kwenye lori. Kwa hiyo kopo moja unaloliokoa jikoni kwako ni makopo kadhaa ya mti uliobaki umesimama huko Kilosa au Handeni.

Hatua ya 1: Pima wiki moja

Chukua ndoo au debe, weka alama kwa ndani, na kila asubuhi mimina humo mkaa wa siku hiyo. Andika ukutani umetumia kiasi gani na umepika nini. Usibadilishe chochote bado. Kwa wifi tuliona wazi kwamba siku za makande na maharage zilikula karibu mara mbili ya siku za wali na mchicha.

Hatua ya 2: Loweka

Maharage, makande, choroko na dengu zote zilale majini usiku kucha, na asubuhi mwaga yale maji. Watu wengi wanajua hili na hawalifanyi, kwa sababu usiku wamechoka. Mimi naweka bakuli la maharage juu ya meza mara tu baada ya kuosha vyombo vya chakula cha jioni, na silali kabla sijamimina maji.

Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla maharage hayajalainika, kwa sababu uchachu unayafanya yakae magumu. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu ladha na baadhi ya vitamini. Ukishakuwa na kapu huyahitaji.

Hatua ya 3: Tengeneza kapu

Sufuria ikishachemka, maji hayaongezeki joto hata ukichochea moto namna gani. Mkaa unaoendelea kuwaka baada ya hapo unafanya kazi moja tu, kurudishia joto linalotoroka pembeni na juu ya sufuria. Ukizuia joto lisitoroke, chakula kitaendelea kuiva chenyewe bila moto. Kapu la joto linafanya hivyo tu.

Unahitaji kapu kubwa la ukindu au tenga, ambalo sufuria yako inaingia na kubaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande, chini na juu. Nafasi hiyo unaijaza kitu chepesi kinachoshika hewa.

Mimi natumia sufi, ile pamba ya mti wa msufi, na siyumbi kwenye hili. Sufi ni nyepesi, hainywi maji kwa haraka, na ukiianika juani inafumuka upya. Watengeneza magodoro na mito wanaiuza kwa kilo. Pamba inafaa ila hugandamana baada ya miezi michache. Vipande vya sponji ya godoro sivitaki karibu na sufuria ya moto. Mifuko ya nailoni usiitumie kabisa, itayeyuka.

Sufi usiimwage ovyo ndani ya kapu, itaruka mpaka kwenye chakula. Shona mito miwili kwa khanga au kitenge kikuukuu cha pamba. Mmoja uwe mrefu wa kuzunguka ndani ya kapu na kufunika kitako. Mwingine uwe wa duara, mnene, wa kukaa juu ya mfuniko. Huo wa juu ndio muhimu kuliko wote, kwa kuwa joto hupanda, na ukiwa mwembamba kazi yote ya pembeni imepotea bure.

Sufuria iwe fupi na pana kiasi, isiyo na mkono mrefu, na mfuniko wake ubane. Sufuria zetu za kawaida za alumini zinafaa sana.

Hatua ya 4: Kupika kwa kapu, na mahali tulipopoteza siku mbili

Utaratibu ni huu. Chemsha maharage yaliyolowekwa, yachemke kwa nguvu dakika 30 kamili, mfuniko ukiwa juu. Usiondoe sufuria mapema. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kwelikweli, na joto la wastani haliiondoi. Anayeyaweka kwenye kapu baada ya povu la kwanza tu anaweza kuumwa tumbo vibaya. Baada ya hapo futa kitako cha sufuria uhakikishe hakuna kipande cha kaa kilichoganda, maana kinaweza kuunguza kapu na nyumba. Ingiza kapuni haraka, weka mto wa juu, ukandamize, uondoke. Rudi baada ya saa tatu.

Kwangu Mbagala hii inaenda vizuri. Iringa haikwenda.

Siku ya kwanza tulikosa sufi sokoni, tukachukua maranda kwa fundi seremala wa jirani. Nilijua maranda yanafaa. Saa tatu baadaye wifi akafunua na kuniita kwa sauti ya wasiwasi: "Wifi, njoo uguse. Ni vuguvugu, na watoto wanarudi shule saa saba." Tukawasha jiko upya na siku hiyo tulitumia mkaa mwingi kuliko kawaida. Jioni tulipoifumua mito, maranda yalikuwa na unyevu. Yalitoka kwenye mbao mbichi za paini, na ndani yake mlikuwa na unga mwingi wa msumeno uliojaza matundu yote ya hewa. Kitu chenye maji hakizuii joto, kinalinyonya.

Kama utatumia maranda, yapepete kwa chekecheo uondoe unga, ubaki na vile vipande vilivyojikunja. Yaanike kwenye mkeka juani siku nzima. Yashike mkononi na kuyafinya, yakitoa harufu kali ya mti mbichi au yakishikamana, yarudishe juani. Na kila baada ya wiki moja ya kupika anika mito tena, kwa sababu mvuke wa chakula unaingia kidogo kidogo hata kama hukuona.

Siku ya pili mito ilikuwa mikavu, sufuria ilitoka ya moto sana, lakini maharage yalikuwa bado yana kiini kigumu. Hili lilinisumbua zaidi kwa sababu kapu lilikuwa limefanya kazi yake. Nilikuwa na kipimajoto cha jikoni, nikakitumbukiza kwenye maji yanayotokota jikoni, kikasoma nyuzi 95. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji huchemka kabla ya kufika 100. Maharage ya wifi yalikuwa yanaanza safari ndani ya kapu yakiwa na nyuzi tano pungufu ya yangu, na hewa ya nje ni ya baridi. Zaidi ya hapo, yalikuwa maharage ya msimu wa zamani, yaliyokaa ghalani muda mrefu. Maharage ya namna hiyo ni sugu hata juu ya moto.

Tulichofanya siku ya tatu: tulichemsha dakika 45 badala ya 30, tukajaza sufuria mpaka karibu na ukingo, na tukaongeza muda wa kapu mpaka saa nne. Yaliiva, laini, hayajapasuka. Toka siku hiyo kapu halijakataa tena. Kama unaishi Mbeya, Njombe, Lushoto au Arusha, anza na vipimo hivi vya Iringa, usianze na vya Dar es Salaam.

Mambo mengine niliyoyalipia kwa chakula:

Sufuria iliyojaa nusu haifai. Chakula kingi ndicho kinachobeba joto, na kidogo hupoa haraka. Kama mko wawili nyumbani, pika sufuria ndogo iliyojaa, na kapu lake liwe dogo.

Usifunue kuchungulia. Kila ukifunua unatoa mvuke, na huwezi kuurudisha bila moto.

Maji yapungue, kwa sababu hayakauki kama jikoni. Kwa maharage napunguza kama robo. Kwa wali naweka maji ya kufunika mchele kwa urefu wa pingili moja ya kidole, nachemsha dakika tano hadi saba, naingiza kapuni dakika 40. Wali wa kapu hauna ukoko. Anayeupenda ukoko asiutarajie.

Makande ya mahindi makavu yasiyokobolewa yanataka safari mbili: chemsha dakika 45, kapu saa tatu, toa, chemsha tena dakika 15, rudisha kapuni saa mbili. Inasikika ndefu, lakini moto ni saa moja tu badala ya tatu au nne.

Na hili nalisisitiza: chakula kisilale kapuni. Kikishuka chini ya nyuzi 60 hivi, bakteria huanza kuzaana, na kapu linawatunzia uvuguvugu wanaoupenda. Kama huna kipimajoto, kanuni yangu ni saa tano, zaidi ya hapo hapana. Chakula kikitoka, kichemshe tena na viungo vyake, ndipo kiliwe. Wali ndio unaoharibika bila kuonesha dalili, kwa hiyo usiuache mchana kutwa ukaja kuupakua usiku.

Ugali, chapati, maandazi na vya kukaanga havihusiki na kapu.

Hatua ya 5: Moto wenyewe

Tumia jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani, si la bati tupu. Panga mkaa kiasi cha sufuria unayoiweka, usijaze kwa mazoea. Ukishaingiza chakula kapuni, mkaa uliobaki uzime palepale: uhamishie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, utazimika kwa kukosa hewa, na kesho utauwasha. Usiumwagie maji. Usiuache ukiwaka ndani ya chumba, hata kidogo, kwa sababu hewa ya mkaa huua watu usingizini bila harufu.

Kuwashia mkaa kwa mfuko wa nailoni au kipande cha ndala kuachwe. Moshi wake ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinama juu ya jiko na mtoto aliye mgongoni. Pwani tuna makumbi na vifuu vya nazi, vinashika moto upesi. Iringa wana maranda, na sasa yale yaliyobaki kwenye kupepeta wifi anawashia.

Hatua ya 6: Kama una umeme

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nakubaliana nao kabisa. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji, likiwemo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, na gesi asilia ya kwetu. Jiko la presha la umeme lina koti la kuzuia joto, yaani ni kapu lenye swichi. Kwangu sufuria ya maharage hula chini ya uniti moja ya LUKU, nimesoma mita kabla na baada.

Ila msinunue jiko la umeme la sahani ya chuma au la nyaya zilizojizungusha kwa kufikiri ni kitu kilekile. Lile linakula umeme sana, na watu wakiona uniti zinavyokwenda wanarudi kwenye mkaa na kusema umeme hauwezekani. Kama fedha ya jiko la presha haijapatikana, kapu linatosha, na linafanya kazi hata kwa anayetumia gesi: mtungi unachemsha, kapu linaivisha.

Hatua ya 7: Maganda

Maganda ya ndizi, viazi na mboga yasiende kwenye gari la taka. Yakifukiwa jalalani bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Toboa ndoo kuukuu matundu chini na pembeni, weka tabaka la maganda, juu yake majani makavu mara mbili ya hayo, geuza kila wiki. Ikinuka, ongeza majani makavu. Baada ya miezi mitatu hivi peleka kwenye mchicha.

Wiki ya nne pima tena kwa debe lilelile la hatua ya kwanza, na uandike palepale ukutani. Wifi alinipigia juzi: gunia alilofungua siku niliyoondoka limeingia wiki ya tano, na ameshashona kapu la pili kwa ajili ya mama mkwe wake, yaani mama yangu, aliyeko Kilolo. Huko ni juu zaidi, kwa hiyo tumekubaliana waanze na dakika 50.