Kuipata nyota pacha ukiwa Shela

Mwezi wa 6, kwenye saa tatu usiku, mimi hushuka ufukweni Shela, kisiwani Lamu, nikazipa mgongo taa za hoteli na kutazama kusini. Tafuta Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Kushoto kwake zipo nyota mbili kali, zimeachana vidole vitatu ukinyoosha mkono. Ya kushoto, yenye umanjano, ndiyo Rijili Kantori, ngumi tatu hivi juu ya bahari. Mawingu ya kusi yakiifunika, ngoja, hayakai.

Kwa macho, Rijili Kantori utaiona nyota moja. Kumbe ni mbili, zinazungukana kwa miaka 80 hivi! Darubini ya mkono ya babu, aliyotazamia majahazi, haikuzitenganisha hata nilipoiegemeza kwenye ngalawa. Ya miguu mitatu ndiyo iliyozipambanua: moja angavu, ya pili hafifu, zimekaribiana kama taa za mashua mbili mbali.