Kutambua ugonjwa wa chatu wa nyumbani kabla haujamlemea

Nyoka halii, hachechemei, wala hawezi kukohoa vizuri, kwa kuwa hana kiwambo kile kinachotusaidia sisi kusukuma makohozi yatoke kifuani. Ukingoja mpaka aonekane mgonjwa, umeshachelewa. Hapa Lubumbashi nafuga chatu na kuwaangalia wa wenzangu pia. Simu nyingi huja mwezi wa sita na wa saba, na maneno ni yale yale: "Kaka, hataki kula." Mara nyingi nyoka mwenyewe hana kosa. Kosa ni baridi. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na nyoka.

Hatua ya 1: Pima joto la sanduku

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, msimu wetu usio na mvua, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Chatu anataka upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 30 hadi 32, na upande wa pili 25 au 26, ili achague mwenyewe. Akipoa, chakula kinaozea tumboni badala ya kusagika, na nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu inashuka.

Kipimajoto kiwekwe chini pale anapolala, kisining'inie karibu na kifuniko. Kisome saa kumi na moja alfajiri. Saa nane mchana kila sanduku la mji huu linaonekana zuri. Umeme ukikatika usiku, jaza maji ya moto kwenye chupa, zifunge kwa kitambaa kizito, ziweke ndani, kisha funika sanduku kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, usiiingize kabisa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo itamuua nyoka pamoja na wewe.

Joto likiwa baya, rekebisha kwanza, kisha mwangalie siku chache. Likiwa zuri na bado una wasiwasi, endelea.

Hatua ya 2: Mizani, si macho

Chatu aliyekomaa anaweza kukaa bila kula miezi kadhaa msimu wa baridi na asiwe na ugonjwa wowote. Kinachoamua ni uzito. Mpime mara moja kwa mwezi kwa mizani ya jikoni, ndani ya ndoo yenye kifuniko, uandike. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, huko si kufunga tena. Huna mizani? Mpapase mgongoni: mwenye afya ni mviringo, aliyekonda uti wa mgongo unasimama na mwili unakuwa wa pembetatu.

Akitapika mawindo, usimpe mengine kesho yake. Acha siku 10 hadi 14, halafu mpe mnyama mdogo kuliko wa kawaida. Akitapika mara ya pili, nenda kwa daktari.

Hatua ya 3: Tofautisha ugonjwa na kujivua gamba

Rangi ikififia na macho yakawa ya bluu yenye ukungu, usishtuke. Anajiandaa kujivua gamba, na kipindi hicho wengi hawali. Macho hung'aa tena, na siku chache baadaye gamba hutoka zima, kuanzia mdomoni mpaka mkiani.

Likitoka vipande vipande, sanduku ni kavu. Mwezi wa nane na wa tisa hili hutokea sana huku kwetu. Chukua gamba alilovua, linyanyue kwenye mwanga na utafute vifuniko viwili vya macho, vile viduara vidogo vinavyopitisha mwanga. Kimoja kikikosekana, huenda bado kimebaki jichoni. Usikichokonoe kwa kibano! Mweke nusu saa katika chombo chenye taulo lililoloweshwa maji vuguvugu, uongeze unyevu wa sanduku, ungoje gamba lijalo. Likipita hilo nacho bado kipo, hiyo ni kazi ya daktari.

Hatua ya 4: Sikiliza pumzi, tazama mdomo

Hapa usiwe na haraka. Fanya usiku, redio imezimwa, na usogeze sikio karibu na sanduku. Nyoka mzima hasikiki akipumua. Anayeingiwa na ugonjwa wa mapafu hupiga mluzi mwembamba au kutoa mlio wa kububujika kila anapovuta hewa. (Kabla tu ya kujivua gamba, pua huweza kulia kidogo. Gamba likitoka na mlio uishe, yamekwisha.)

Sasa washa tochi. Angalia matundu ya pua: je, kuna povu, au ute uliokauka? Angalia kioo cha sanduku pia, maana ute mara nyingi huacha alama pale anaposugua pua. Anayelala kichwa kimeinuliwa juu, au anayeacha mdomo wazi ili apate hewa, hana muda wa kungoja.

Kisha mshike kichwa kwa upole, uvute kidogo ngozi ya chini ya kidevu mpaka mdomo ufunguke. Fizi zinatakiwa kuwa za waridi iliyopauka na zenye unyevu. Vidoa vyekundu, mate mazito yanayovutika, au usaha mgumu wa njano ni ugonjwa wa mdomo, na ukiachwa unafika kwenye mfupa wa taya.

Hatua ya 5: Tumbo, wadudu na choo

Mgeuze. Magamba ya tumbo yenye wekundu au malengelenge yanaonyesha ameungua au analala kwenye matandiko yaliyolowa. Akishinda ndani ya bakuli la maji, tafuta utitiri: vidoa vyeusi vinavyotembea kuzunguka macho na chini ya kidevu, vingine vimezama bakulini. Usipulizie dawa ya mbu, hata kama jirani anaapa inafaa. Ni sumu kwake. Choo cha kawaida ni cha kahawia, pamoja na kipande cheupe kama chokaa. Cha majimaji, chenye damu au chenye uvundo usio wa kawaida, kifunge kwenye mfuko safi umpelekee daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Dalili za kuondoka sasa hivi

Mdomo wazi akitafuta hewa. Kichwa kinachopinduka kuelekea juu bila sababu. Ukimgeuza chali, hawezi kujirudisha. Uvimbe katikati ya mwili wakati hajala.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Anza kuulizia huko. Mtie katika foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya ndoo yenye matundu, pamoja na chupa ya maji vuguvugu. Kwenye teksi huna haja ya kutangaza umebeba nini.

Usimpe vidonge vya watu vilivyobaki nyumbani. Na daktari akimwandikia antibiotiki, uliza sanduku liwe nyuzi ngapi wakati wa matibabu, kwa sababu dawa haifanyi kazi sawasawa katika mwili wa nyoka aliyepoa.