Kabla ya kupakua programu ya afya, jua simu yako inapima nini

Anayekusudia kufuatilia afya yake kwa simujanja aanze na karatasi na kalamu. Aandike swali moja ambalo angependa lijibiwe baada ya mwezi: natembea kiasi gani kwa siku, presha yangu ya asubuhi imeshuka tangu nilipoanza dawa, au chakula cha usiku ndicho kinachonizidishia uzito? Hapa Kigoma, mwenye duka anayepanda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni hadi Mwanga kila jioni ana swali lake, na mvuvi wa Kibirizi anayekesha ziwani ana lake, na programu inayomfaa mmoja yaweza kumpotosha mwenzake.

Swali likishapatikana, tenganisha mambo matatu ambayo programu hizi huyaweka pamoja kwenye kioo kimoja: yale ambayo simu huyapima yenyewe, yale inayoyakisia, na yale inayoyahifadhi tu baada ya wewe kuyajaza. Naona makosa mengi huanzia hapa, kwa kuwa tarakimu zote huonyeshwa kwa maandishi yaleyale na rangi zilezile, na mtumiaji huziamini zote kwa kiwango kimoja.

Simu ya kawaida hupima vizuri mtikisiko na mahali ilipo. Kihisi mwendo kilichomo ndani yake hutambua mdundo wa kutembea na kuugeuza kuwa hatua, kwa hiyo simu iliyoachwa mezani haihesabu chochote, na iliyofungwa kwenye pindo la kanga au kutumbukizwa katika mkoba mkubwa huweza kupoteza hatua nyingi. Kinyume chake pia hutokea, kwani barabara yenye makorongo ukiwa juu ya bodaboda, au mtumbwi unaoyumba, huweza kukuongezea hatua ambazo hukuzitembea. Jaribio la kuikagua programu ni jepesi: tembea hatua 200 ukizihesabu kwa mdomo, kisha linganisha na ilichoandika, kwanza simu ikiwa mfukoni, halafu ikiwa pale unapoibeba siku zote. Ikipishana nawe kwa hatua kumi au kumi na tano, inatosha kwa matumizi ya kila siku. Ikipishana kwa sitini, usiilaumu kabla ya kukagua mipangilio ya betri, maana simu nyingi za bei nafuu huzizima programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimefungwa, na hesabu hukatika bila taarifa yoyote.

Kwa wanaokimbia au kuendesha baiskeli, GPS hupokea mawimbi ya setilaiti na haihitaji bando. Kinachokula bando ni ramani na kupeleka taarifa mtandaoni. Ipo programu iitwayo OpenTracks ambayo hurekodi safari bila kuomba ruhusa ya intaneti hata kidogo, nami huipendekeza kwanza kwa mtu ambaye bando lake ni la kuhesabu. Kwa mji wa milima kama wetu, tazama pia kama programu inaonyesha mwinuko uliopanda, kwa sababu kilomita mbili za kupanda kilima hazilingani na kilomita mbili za tambarare.

Lengo la hatua 10,000 ambalo programu nyingi huja nalo lisikutishe. Chanzo chake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufariki kuliko waliotembea 2,700 hivi, na kwamba nafuu hiyo ilikoma kuongezeka kwenye hatua 7,500. Shirika la Afya Duniani lenyewe huwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Chagua basi programu inayokuruhusu kubadili lengo, au kuhesabu dakika badala ya hatua.

Kwenye presha naomba msomaji asome polepole. Kamera na taa ya simu zinaweza kukadiria mapigo ya moyo, kwa kuwa rangi ya ngozi ya kidole hubadilika kidogo damu inapopita. Shinikizo la damu ni jambo jingine, na kidole juu ya kamera hakitoi kipimo chake cha kutegemewa. Programu moja ya Marekani iitwayo Instant Blood Pressure iliuzwa kwa watu zaidi ya 100,000 katika miaka ya 2014 na 2015. Watafiti wa Johns Hopkins walipoipima, waligundua kwamba karibu wagonjwa wanne kati ya watano wenye shinikizo la juu waliambiwa kuwa hali yao si mbaya. Mama yangu mkubwa, mkazi wa Ujiji, alikuwa na programu ya namna hiyo, tofauti na hiyo niliyoitaja, na kwa wiki kadhaa ilimwandikia tarakimu za kijana mwenye afya, hata akaanza kuruka dawa. Tulipomfunga mkanda wa mashine ya presha mkononi, tarakimu ya juu ilikuwa 170. Kwa hiyo programu yoyote inayodai kupima presha au sukari kwa kidole na kamera iondoe siku hiyohiyo.

Hilo halimaanishi kwamba mwenye presha au kisukari hana programu inayomfaa. Anahitaji daftari zuri: programu ambayo anajaza mwenyewe kile mashine ilichosoma, pamoja na saa na dawa aliyokunywa, kisha inachora mchoro wa wiki. Mwenye kisukari ahakikishe inakubali kipimo cha mmol/L, maana nyingine huja na mg/dL, na tarakimu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza mara 18. Aliyezoea kusoma 7 akiona 126 atadhani amezidiwa, kumbe ni sukari ileile. Ahakikishe pia kwamba kumbukumbu zinaweza kutolewa kama faili au kuchapishwa, kwa sababu daktari wa kliniki mwenye foleni nje ya mlango hawezi kupekua simu ya kila mgonjwa, ila karatasi moja yenye vipimo vya mwezi mzima ataisoma.

Programu za chakula hukisia zaidi kuliko zote. Kabla ya kuzoea yoyote, tafuta ndani yake ugali wa muhogo, mgebuka na mawese. Usipovipata, angalia kama inakuruhusu kuongeza chakula chako mwenyewe, na usisahau kupima mafuta kwa kijiko, kwa kuwa kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori zipatazo 120, na ndicho ambacho wengi hawakiandiki.

Kisha tazama inachokuomba. Programu ya hatua haina haja ya majina yaliyomo kwenye simu yako wala ya kusoma jumbe zako. Mwaka 2021 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilieleza jinsi programu ya hedhi iitwayo Flo ilivyowapa wengine, Facebook wakiwemo, taarifa za afya za wanawake ilizoahidi kuzitunza. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini programu nyingi huhifadhi taarifa hizo kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, zilizo mbali na hapa, kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutotoa usichoombwa kwa haki. Soma sehemu ya usalama wa data kwenye duka la programu la simu yako kabla ya kupakua, na ikiwa simu hutumiwa na watu kadhaa nyumbani, chagua programu yenye nywila yake yenyewe.

Jaribu programu moja kwa wiki mbili bila kulipia, na ikidai namba ya kadi ndipo uanze majaribio, iache. Baada ya wiki hizo rudi kwenye karatasi yako uone kama swali limeanza kujibiwa. Ukiamua kuiondoa, ingia kwanza ndani yake ufute akaunti, ndipo uifute kwenye simu, kwa sababu kuifuta kwenye simu peke yake hakuziondoi kumbukumbu zako kwenye seva zao.