Kabla hujaongeza diski kwenye seva, kagua za zamani

Nafasi imejaa, bosi anataka iongezwe leo, na diski mpya umeshanunua. Subiri kwanza.

Nakala rudufu iwepo, ikae nje ya seva hiyo, na urudishe faili mbili tatu uone kama zinafunguka. RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, si nakala rudufu: ukifuta faili, imefutika kote. UPS iwe na betri nzima, maana kazi hii hula saa nyingi, na umeme wa hapa Arusha tunaujua. Diski mpya isiwe ndogo kuliko zilizopo, wala isiwe ya aina ya SMR, ambayo huandika data kwa mistari inayopandana. Hizo zikibanwa na kazi ndefu ya kuandika huzubaa hadi mfumo ukazitoa ukidhani zimekufa.

Sasa hili la afya ya diski za zamani, lishike vizuri.

Kuna ofisi moja ya utalii hapa mjini iliyokuwa na diski nne kwenye RAID 5, ambayo huvumilia kufa kwa diski moja tu. Moja ikafa. Seva ikaendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Taa ya onyo ilikuwa inawaka, lakini seva iliwekwa chini ya ngazi, imegeuziwa ukutani, imezibwa na maboksi ya karatasi. Barua pepe za tahadhari nazo zilikwenda kwa root, akaunti ya msimamizi ndani ya seva ileile, ambako hakuna aliyewahi kuzifungua. Msimu wa wageni ukafika, nafasi ikaisha, fundi akaitwa. Akaikuta ile iliyokufa, akaweka mpya, seva ikaanza kujijenga upya. Hapo ndipo kila sekta, yaani kila kipande kidogo, ya diski zilizobaki husomwa, hata zile ambazo hazijaguswa miaka. Mojawapo ya zile tatu ilikuwa na sekta mbovu huko ndani. Ikagoma, ikatolewa, data yote ikaenda nayo. Nilimkuta mhasibu anaandika upya bukingi moja moja kutoka WhatsApp, simu iko kwenye chaja, huku madereva wamesimama mlangoni wakiuliza nani wa Serengeti, nani wa Ngorongoro.

Kutanua RAID 5, yaani kuiongezea diski, nako husoma diski zote mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo endesha smartctl, amri ya kukagua afya ya diski, kwa kila diski, utazame mistari yenye ID namba 5, 197 na 198, inayohesabu sekta mbovu au zenye mashaka. Wa 197 ukizidi sifuri na haurudi, badilisha diski hiyo kwanza. Kwenye Linux fungua /proc/mdstat: diski nne nzima huonyesha UUUU. Ukiona UUU_, moja haipo, kutanua kusubiri. Kisha kwenye mdadm.conf, faili la mipangilio ya RAID ya Linux, penye MAILADDR, weka anwani ya mtu anayesoma barua zake, utume ujumbe wa majaribio, na usiondoke mpaka akuonyeshe umefika kwenye simu yake.

Bandika serial namba mbele ya kila trei, usije ukachomoa nzima ukaacha mbovu. Diski zikiwa nyingi, hamia RAID 6, inayovumilia kufa kwa mbili. Zilizonunuliwa pamoja huchoka pamoja. Mfumo wa faili nao hutanuliwa kivyake, na XFS, mojawapo ya mifumo hiyo, ikishakua hairudi nyuma, basi pima kabla. Pangusa vumbi, hasa kiangazi. Na kazi yenyewe ianze Jumamosi ofisi ikishafungwa, si asubuhi ya Jumatatu.